PBW kwenye demijoni za kioo: misimu miwili bila kutikisa mchanga

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, linaanzia chini ya kidole gumba na kushuka mpaka kwenye kifundo. Nililipata nikiosha chupa. Ilikuwa demijoni ya lita 20, nimeitia maji ya sabuni na konzi mbili za mchanga wa mtoni, nimeikumbatia naitikisa kama nilivyofundishwa na mama aliyenionyesha kutengeneza waini. Ikateleza. Chini ni saruji. Nilishonwa nyuzi tisa, na kwa wiki sita sikuweza kukamua hata nguo ya mtoto.

Kwa hiyo leo nikiandika juu ya PBW, poda ya kuoshea chupa, naomba mniwie radhi nikiwa mrefu. Kwangu ni jambo kubwa.

Nilikuwa muuguzi, sasa nimestaafu, naishi Miyuji hapa Dodoma. Natengeneza waini ya nyumbani kwa zabibu nyekundu, zile tunazoziita Makutupora. Hapa kwetu mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya kuanzia mwezi wa pili au wa tatu na mavuno ya mwezi wa nane na wa tisa, kwa hiyo kila baada ya miezi michache demijoni zangu sita zinajaa, zinakaa, zinamiminwa, zinabaki chafu. Waini yenyewe inaishia kwenye meza za familia: kipaimara, mahari, Krismasi. Kuitengeneza ni raha. Kuosha ndiko kulikokuwa kunanikatisha tamaa.

Anayetumia ndoo za plastiki huniuliza kwa nini najitesa na kioo. Kioo hakishiki harufu. Ndoo ikishalala na waini miezi mitatu, harufu inaingia kwenye plastiki na haitoki, na ukiikwaruza kwa brashi, mikwaruzo inakuwa nyumba ya vijidudu. Kioo pia hakipitishi hewa, na ndani unaona kila kitu: mashapo yanavyoshuka, waini inavyotakata siku hadi siku. Tatizo lake ni shingo. Demijoni yangu mdomo wake unapitisha vidole vitatu tu. Mkono hauingii, na uchafu uko ndani.

Na uchafu wa waini nyekundu si wa aina moja. Kwanza kuna ukoko. Povu la chachu likipanda siku tatu nne za mwanzo hubeba maganda na chachu hadi mabegani mwa chupa, likishuka linaacha mkanda wa kahawia uliokauka na kung'ang'ania kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Pili kuna rangi, zambarau nyepesi iliyojipaka kwenye kioo chote. Tatu kuna mawe ya waini, na haya wengi hawayajui. Ni vipunje vinavyometameta kama sukari, vinashika chini na ubavuni, ukivigusa kwa kijiti vinakwaruza. Hiyo ni tindikali ya zabibu iliyoungana na potasiamu na kuganda, na ndiyo ile ile inayosagwa na kuuzwa kwa waoka keki. Sabuni ya vyombo haiyafanyi chochote.

Nilishajaribu kila njia. Mchanga unatoa ukoko, ni kweli, ila unachora kioo kwa ndani. Mikwaruzo hiyo midogo ndiyo mahali ufa unapoanzia siku chupa itakapopata mshtuko. Mchele ni mpole zaidi, lakini hauna nguvu kwenye mkanda wa mabegani. Brashi ndefu ya chupa inafika chini vizuri, ila mabegani pale kioo kinapojikunja inapita hewani tu bila kugusa. Nikaikunja waya wake kama ndoano. Ikagusa kidogo, na ncha ya waya ikaanza kukwaruza.

Halafu kuna klorini, na hapa nakiri uuguzi wangu ulinipotosha. Wodini tulizoea: dawa ya klorini ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa maji sehemu sita, unapata asilimia 0.5, unachovya vifaa dakika 10. Nikaja nalo nyumbani. Demijoni ilitoka nyeupe inang'aa, nikaisuuza mara tatu, nikatia waini. Baada ya miezi miwili nafungua, naonja, mdomo mzima unanuka plasta na dawa ya kusukutua. Lita 20 nilizimwaga chini ya mwembe. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mabaki ya klorini yakikutana na vile vitu vya ganda la zabibu vinavyoipa waini rangi na ukakasi, yanazaa vitu vinavyoitwa klorofenoli, na ulimi wa binadamu unavitambua hata vikiwa kidogo sana. Na jambo jingine nililopaswa kulikumbuka bila kuambiwa, maana nililifundisha wanafunzi wangu wa uuguzi kila mwaka: dawa ya kuua vijidudu haiondoi uchafu. Mkasi wenye damu iliyoganda unaoshwa kwanza ndipo unatakaswa. Ukoko ukibaki, vijidudu viko chini yake vimejifunika.

PBW ililetwa na mtoto wa dada yangu anayeishi Marekani, kule Colorado. Yeye hutengeneza bia nyumbani kwake, na aliponiona na kovu kwenye simu alisema, "Mama mdogo, acha kabisa kutikisa chupa. Nakuja na dawa." Akaja na kopo la ratili nne, kama kilo 1.8 hivi, limeandikwa Powdered Brewery Wash, la kampuni ya Five Star Chemicals ya huko huko Colorado. Poda nyeupe ya chengachenga, kama sabuni ya unga isiyo na marashi. Hilo la kutokuwa na marashi lilinifurahisha kabla sijaitumia, kwa sababu sabuni zetu za unga zinaacha harufu ya maua kwenye kioo na waini inaichukua.

Ndani yake, kwa jinsi nilivyosoma na alivyonieleza, vilivyo vikubwa ni viwili. Cha kwanza ni pakaboneti ya sodiamu, yaani soda iliyofungamana na ile peroksaidi tunayosafishia vidonda. Ikiingia kwenye maji ya moto inaachia oksijeni, na oksijeni ndiyo inayokula rangi na ukoko. Cha pili ni metasilikati ya sodiamu, inayoongeza ukali wa kukata utelezi na kuzuia uchafu uliobanduka usirudi kushika kioo. Ukitazama vizuri, hiyo soda ni ndugu wa karibu wa magadi tunayotia kwenye mlenda. Neno hilo nitalirudia.

Mavuno ya mwezi wa tatu nilifanya jaribio. Demijoni tatu zilizomiminwa mchana mmoja, zote za zabibu za shamba moja, zote zina mkanda wa ukoko na mawe chini. Ya kwanza nikaitia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ya pili, maji ya joto lile lile na magadi vijiko vinane vya chakula. Ya tatu, PBW gramu 160 kwa lita 20, nimepima kwa mizani yangu ya keki, yaani gramu 8 kwa kila lita. Zote nikazijaza hadi shingoni ili maji yafunike ule mkanda wa juu, nikavuta kigoda, nikakaa.

Ile ya PBW ilianza kubadilika kabla sijamaliza kuijaza. Zambarau ya kioo iligeuka buluu iliyoiva, kama wino wa shule zamani. Nikadhani nimekosea kitu. Baada ya muda mfupi buluu ikawa kijani, kijani cha majani ya kunde yaliyochemka, kisha ikaanza kuwa njano ya chai nyepesi. Rangi ya zabibu ndivyo ilivyo: kwenye tindikali ni nyekundu, kwenye magadi inakuwa buluu na kijani, halafu oksijeni inaimaliza. Ile ya magadi nayo iligeuka kijani, lakini ikabaki hapo. Ya sabuni haikubadilika.

Lililonifanya nisogeze uso ni mkanda wa ukoko. Mapovu madogo, madogo kuliko ya soda, yalikuwa yanatokea chini ya ukoko wenyewe, kati yake na kioo. Yanakua, yanabandua kipande kama kucha, kipande kinaning'inia kwa upande mmoja kidogo, kisha kinaachia na kushuka polepole kikizunguka. Nilikaa pale karibu saa nzima nikitazama vipande vikianguka kimoja kimoja, na mkono wangu wa kovu umelala kwenye paja, haufanyi kazi yoyote. Siwezi kueleza furaha ile kwa mtu ambaye hajawahi kutikisa demijoni.

Asubuhi: ya sabuni, mkanda upo vile vile, umelainika tu. Ya magadi, mkanda umetoka kama robo tatu, rangi imebaki kivuli, mawe yamepungua sana. Ya PBW, nilimimina maji ya njano yenye vipande, nikasuuza, nikainyanyua kuelekea dirishani. Hakuna mkanda. Hakuna rangi. Mawe ya waini yalikuwa yameyeyuka yote isipokuwa kibonge kimoja kwenye ukingo wa chini, ambacho brashi ilikitoa kwa kugusa mara moja. Sikutikisa hata kidogo.

Tangu siku ile nimeosha kwa PBW misimu miwili, mara kumi na nne kwa hesabu ya daftari langu. Niseme sasa yale niliyojifunza, maana mengine nilijifunza kwa gharama.

Maji ya moto yanaifanya ifanye kazi haraka, na watengenezaji wanataka yawe moto kweli. Kwenye chuma hilo ni sawa. Kwenye kioo cha demijoni, tahadhari. Mwezi wa saba asubuhi hapa Dodoma baridi inauma, chupa imelala stoo imepoa, mimi nikamimina maji yaliyotoka jikoni. Ilitoa mlio mmoja, ka!, na kitako kikabaki mezani peke yake. Kosa ni langu. Kioo hiki si cha kupikia, hakivumilii joto la ghafla. Siku hizi natia kwanza maji ya bombani, kisha ya uvuguvugu, kisha ya joto la nyuzi 45 hivi, joto ambalo mkono unaliona kali lakini unalivumilia. Ninachokosa kwenye joto nakipata kwenye muda: naacha usiku kucha.

Poda koroga pembeni kwanza, kwenye ndoo, iyeyuke yote, ndipo umimine kwa faneli. Ukiitupa kavu ndani ya chupa inalala kitako na kuganda kama saruji.

Usizibe. Weka kitambaa au kikombe kilichofudikizwa juu ya mdomo. Oksijeni inaendelea kutoka, na ukikaza kizibo unajenga presha ndani ya kioo.

Na usiiache siku mbili tatu. Nguvu ya oksijeni inaisha baada ya saa kadhaa, hakuna unachoongeza. Mimi nilisafiri kwenda msibani Kondoa nikaiacha siku tatu, nikakuta utando mweupe kama wa birika. Maji ya Dodoma mnayajua, yana chokaa, na chokaa ikikutana na soda yoyote inajipaka kwenye kioo. Dawa yake ni siki: suuza kwanza vizuri maji mawili, kisha zungusha kikombe cha siki nyeupe, utando unaondoka unaona. Lakini siki au tindikali yoyote isikutane na klorini hata kwa bahati mbaya. Hewa inayotoka hapo ni sumu ya mapafu. Nimeshapokea wagonjwa wa namna hiyo, walichanganya dawa mbili za choo.

Sasa utelezi. Chupa iliyolowa maji ya PBW inateleza kama mlenda, na hii ni tabia ya kila kitu chenye magadi, kwa kuwa kinageuza hata mafuta ya ngozi yako kuwa sabuni. Mikono inakauka na kupasuka, kwa hiyo vaa glavu, zile za jikoni zenye vinundu viganjani, siyo laini za hospitali. Demijoni ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 25 na zaidi. Usiinyanyue. Nimeweka tairi kuukuu la gari dogo kwenye uwanja wa nyuma, ndani nimetandika gunia, demijoni inakaa humo. Inajazwa hapo hapo, na inamwagwa kwa mpira wa kunyonyea, ule ule wa kuhamishia waini, ambao kwa kufanya hivyo nao unaoshwa. Ikishapungua hadi lita mbili tatu ndipo inalazwa. Na usishike shingo peke yake, wala kile kishikio cha chuma kinachofungwa shingoni. Hicho ni cha kuongozea chupa tupu. Mkono mmoja shingoni, mwingine kitako. Kama ningejua hili miaka minne iliyopita ningekuwa na viganja viwili vizima.

PBW haitakasi. Narudia kwa sababu wengi wakiona chupa inang'aa wanatia waini moja kwa moja. Baada ya kuosha na kusuuza mpaka kioo kiache kuteleza, mimi nazungusha maji yenye metabisalfaiti ya sodiamu na chembe za tindikali ya limau, zinapatikana kwenye maduka ya kemikali za vyakula. Ina harufu ya kiberiti kilichowashwa, fungua madirisha, na mwenye pumu asiwepo chumbani. Kisha nainamisha chupa ichuruze, basi, iko tayari.

Tuje kwenye gharama, maana najua ndilo swali. Kopo lile linauzwa zaidi ya dola 20 huko linakotoka, na hapa Dodoma sijalikuta dukani. Kwa gramu 160, kopo linaosha demijoni 11. Lakini maji ya dawa ya demijoni ya kwanza nayahamishia ya pili siku hiyo hiyo, jioni, yakiwa bado yanatoa mapovu. Ya pili inatoka safi karibu sawa na ya kwanza. Hivyo napata kama demijoni 20 kwa kopo. Ukilifungua, liweke mbali na mvuke wa jiko, na kifuniko ukikaze. Poda ya namna hii ikipata unyevu inashikana mabonge na oksijeni inaondoka kabla ya kazi.

Je, kila mtu ainunue? Hapana. Kama unatengeneza waini nyeupe, au rozela kidogo kwenye chupa za lita tano, na unaosha saa ile ile unayomimina, kabla uchafu haujakauka, magadi yanakutosha. Nasema hivi baada ya kuyaona kwenye jaribio langu: robo tatu ya ukoko yaliutoa, kwa bei ya mia chache gengeni. Vunja bonge, yeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, chuja mchanga wake kwa kitambaa, jaza chupa, lala. Asubuhi malizia na brashi. Mimi mwenyewe siku hizi hufanya hivyo kwa demijoni zenye uchafu mwepesi, na PBW naitunza kwa zile zilizobeba uchachu wa kwanza, zenye mkanda na mawe.

Ila kama una demijoni kubwa, unatengeneza nyekundu, na bado unatikisa mchanga, tafuta ndugu au jamaa anayesafiri akuletee hata kopo moja. Upande wa kuosha naipa tano kati ya tano. Upande wa kupatikana naipa moja. Kuna waliojaribu kutafuta pakaboneti tupu kwenye maduka ya kemikali Kariakoo na kuchanganya na magadi. Nimeagiza nusu kilo nijaribu kwenye mavuno ya mwezi wa nane, na safari hii nitapanga demijoni nne pamoja, nipime gramu kwa gramu.

Kopo langu limebaki kama robo. Juzi jirani yangu alipita na demijoni yake kwapani na kikopo cha mchanga mkononi, nikamwita ndani, nikampimia gramu 160 kwenye mfuko, nikamwandikia kwenye karatasi: maji ya joto la mkono, usizibe, usiku mmoja, usinyanyue. Alirudi kesho yake kuniazima siki.